Mwimbaji Aliyeketi



Nimepewa nafasi hii nizungumze nanyi juu ya muziki, na katika muziki ndimo nitakamobaki, ingawa jambo linalonishughulisha ni pana kuliko muziki, nalo ni hili: mtu aliyekabidhiwa hatamu za kazi ya sanaa, kazi ambayo haiwezi kutimia ila kwa mikono ya watu wengi, afanye nini na shaka inayomwingia kila anapojitazama na kujiona kwamba hatoshi? Shaka hiyo humwingia kiongozi wa chama cha taarabu kama inavyomwingia mtungaji wa mchezo wa kuigiza, na mwalimu wa kwaya, na fundi wa nakshi mwenye wanafunzi wanne wanaochonga mlango mmoja. Nami sijapata kuonana na bingwa wa kweli asiyeijua.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana haitakuwa haki nizungumze juu ya wakubwa wa fani hii ilhali mimi nimejificha nyuma ya majina yao. Katika ujana wangu niliongoza kikundi kidogo cha taarabu katika mji mmoja wa pwani, watu tisa kwa jumla: kanuni moja, udi niliokuwa nikiupiga mwenyewe, fidla tatu, akodiani, dumbaki, rika, na mwimbaji wetu. Miongoni mwa wapigaji fidla alikuwamo kijana wa miaka 19, mwana wa mshona viatu, ambaye vidole vyake vilijaaliwa kitu ambacho vyangu havikukipata hata baada ya miaka mingi ya kujifunza. Tulikuwa tukitengeneza wimbo mpya kwa ajili ya harusi, wimbo nilioutia sauti mimi, na kijana yule, kila tulipofika baina ya ubeti wa pili na wa tatu, alikuwa akiongeza kipande kidogo kisichokuwamo, mfano wa msimulizi avutaye pumzi kabla ya kuendelea na kisa chake. Nami kila mara nilisimamisha mazoezi nikamwambia, "Piga kama nilivyokufunza." Akapiga kama nilivyomfunza. Ilipotimia wiki ya tatu alikuwa amenyooka barabara, hakengeuki hata kidogo, na wimbo ulikuwa umekufa.

Usiku huo, wenzetu walipokwisha kwenda zao, mzee wa dumbaki alibaki nyuma akiiviringisha ala yake katika kitambaa, taratibu kama mtu amvikaye mtoto nguo, kisha akasema pasipo kuninyanyulia macho: "Mwanangu, wewe hutusikilizi. Wewe unatuhesabu." Akachukua bakora yake, akatoka.

Maneno yale yalinikesha. Nilijitetea nafsini mwangu kwa kila hoja niliyoweza kuipata, kwamba chama hakina budi kuwa na nidhamu, kwamba wimbo ni wangu, kwamba kijana ana haraka ya kujionyesha. Na hoja hizo zilipokwisha kuisha, karibu na adhana ya alfajiri, ndipo iliponidhihirikia hakika yenyewe, nayo ilinitia haya. Sikumzuia kwa kuwa kipande chake kilikuwa kibaya. Nilimzuia kwa kuwa sikuwa na yakini na wimbo wangu, na kila alipoongeza sauti zake nilisikia kama kwamba anatia kiraka, mbele ya watu, nguo niliyoishona vibaya.

Tangu siku ile nimekuwa na itikadi ambayo sijaiona ikitanguka, kwamba mkono unaokaza aghalabu ni mkono wenye hofu. Watu humwona kiongozi anayeshika kila uzi, anayesahihisha kila neno, asiyekubali jambo lipite isipokuwa kwa idhini yake, wakasema huyo anajiamini kupita kiasi. Nami humtazama mtu wa namna hiyo nikamwonea huruma, kwa sababu najua ni usiku mrefu wa namna gani uliomzaa. Mwenye yakini na makamu, yaani mpangilio wa sauti, aliyoichagua humwacha mpigaji akaenda mbali nayo, kwa kuwa anajua atarudi. Asiye na yakini huogopa hata hatua moja nje ya mlango.

Wapenzi wa taarabu mnaijua takasimu. Katikati ya wimbo, au kabla haujaanza, wapigaji wote hunyamaza, au hubakisha mdundo wa chini tu wa kumshika mkono mwenzao, na mmoja wao, wa udi au wa kanuni au wa nai, huachiwa uwanja peke yake. Hakuna aliyemwandikia atakachopiga. Aliye na ufundi huanza chini, katika sauti ya nyumbani ya makamu, tuseme Bayati au Rasti, akaitembeza mpaka masikio ya hadhira yaizoee, kisha akapanda, akaingia makamu nyingine kwa mlango wa pembeni, akawatia wasikilizaji wasiwasi kidogo kana kwamba amepotea, ndipo aanze kuteremka pole pole mpaka aikanyage tena ile sauti aliyoanzia, na watu wapumue kwa pamoja. Wazee waliotuletea fani hii waliiweka takasimu ndani ya taratibu zenyewe, wala haikuwa fadhila ya kiongozi atoaye akipenda. Naiona hiyo ni hekima kubwa: kwamba katika kila wimbo iwepo dakika ambayo mwenye chama, kwa adabu ya muziki wenyewe, hana budi kunyamaza.

Na fani hii, kama mjuavyo, tuliipokea kwa sehemu kubwa kutoka Misri. Wasimulizi wa habari za Unguja wanatueleza kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim huko Misri akajifunze kupiga kanuni, na kwamba chama cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kiliagiza ala zake kutoka huko huko. Ndiyo maana nikitaka kuwaelezea shaka na kuachia, siendi mbali na nyumbani nikienda Cairo.

Bibi Umm Kulthum alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, katika bonde la chini la mto Naili, binti wa imamu wa msikiti, na baba yake ndiye aliyemfunza kusoma Kurani na kaswida, akamvika nguo za kiume ili apate kumpeleka kuimba mbele za watu. Mtu aliyelelewa katika matamshi ya Kurani, ambako herufi moja ikitamkwa vibaya maana hugeuka, hawezi kukua akawa mzembe. Na kweli Umm Kulthum alipokuwa mkubwa hakuachia chochote kiende ovyo. Washairi waliomtungia, hata Ahmad Rami aliyempenda na kumwandikia kwa miaka mingi, walibadilisha maneno kwa ajili yake. Watiaji sauti walirudishiwa kazi zao wakazifanya upya. Wapigaji walifanya mazoezi ya wimbo mmoja siku nyingi, wakijifunza kwa masikio mpaka hakuna aliyehitaji karatasi. Kuanzia mwaka 1934, redio ya Misri ilipofunguliwa, alikuwa sauti yake kuu, na baadaye katika kila msimu Alhamisi ya kwanza ya mwezi ikawa ni yake, watu wakakusanyika penye redio katika nchi zote za Kiarabu.

Mtazameni basi mtu huyo kwa karibu, kwenye filamu za maonyesho yake. Amesimama katikati ya jukwaa, hatembei, hachezi, na katika mkono wake mna leso ya hariri ambayo vidole havitulii juu yake: mara inakunjwa, mara inavutwa, mara inasokotwa. Inasimuliwa kwamba leso ile ilikuwa kwa ajili ya viganja vilivyotoka jasho kwa taharuki. Malkia mzima wa uimbaji, aliyeimba kwa zaidi ya miaka 40 mbele ya wafalme na marais, alikuwa akipanda jukwaani na hofu yake mkononi. Hakuiacha nyumbani, wala hakuwamiminia wapigaji wake. Aliisokota katika leso, akaimba.

Na alipoimba ndipo ilipoonekana faida ya mazoezi yale makali. Mstari mmoja wa shairi aliweza kuurudia mara nyingi, na kila mara kwa sura nyingine, kwa kadiri hadhira ilivyomwomba kwa kelele na kwa vilio. Wimbo ambao mazoezini ulichukua dakika kadha ukaendelea karibu saa nzima au kupita. Wapigaji hawakuwa na njia ya kujua ataishia wapi. Walimfuata kwa sikio, na Muhammad Abduh Salih aliyekuwa akipiga kanuni alikuwa na kazi ya kuupokea kila mgeuko wake na kuwaongoza wenzake waufuate. Wale wasemao kwamba nidhamu na uhuru ni maadui hawajawahi kumsikiliza mwanamke huyu usiku wa Alhamisi.

Nyuma yake, katika safu ya wapigaji, alikuwa akikaa mzee mmoja mwenye miwani, na udi mapajani. Jina lake ni Mohamed El Qasabgi, naye ndiye ninayetaka tumkalie kitako kidogo, kwani kila ninapozifikiri habari zake moyo wangu hushikwa.

El Qasabgi alizaliwa mwaka 1892. Umm Kulthum alipofika Cairo akiwa bado binti wa kijijini, aimbaye na jamaa zake wanaume bila ala, ni El Qasabgi aliyemkusanyia wapigaji mwaka 1926, akamfunza na kumtungia. Mwaka 1928 alimtilia sauti wimbo wa In Kunt Asameh, ambao ulivuma kote na kuwafungulia watu masikio kwa namna mpya ya uimbaji. Katika miaka ya 1940 akamtengenezea Raqq el Habib, ambao mpaka leo wanafunzi wa udi na wa sauti huuendea kama wanavyokwenda chuoni. Kisha ukafika wakati Umm Kulthum akaacha kuimba tungo zake mpya. Mwalimu alimletea, Bibi akakataa. Watiaji sauti wengine walipanda, Riyad al-Sunbati mbele yao, na mwalimu aliyeijenga nyumba akawa hana chumba ndani yake isipokuwa kile kiti cha nyuma. Akakikalia kiti hicho, akipiga udi katika nyimbo za watu wengine, usiku baada ya usiku, hadi alipofariki mwaka 1966.

Sitaki kumsemea marehemu. Wako wanaokitaja kisa hiki kuwa ni mfano wa unyenyekevu, wako wanaokitaja kuwa ni dhulma ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, nami nadhani waweza kuwemo ukweli kote kuwili. Shaka yaweza kumla mtunzi mpaka ikammaliza, na kukataliwa mara kwa mara na mtu uliyemlea mwenyewe ni jeraha ambalo sitamwombea hata adui yangu. Lakini mimi huwasikiliza sana wapigaji udi, kwa kuwa ndiyo ala yangu, na ninapousikia ule udi wa El Qasabgi chini ya fidla, haupambani, haupandi juu ya wenzake kudai haki yake, wala hausinzii. Kila kipigo kimewekwa mahali pake na mtu anayesikiliza. Najiuliza kama mimi, baada ya kuwa mwenye kiti cha mbele, ningeweza kupiga namna hiyo kwenye kiti cha nyuma, na sijaweza kujijibu kwa moyo mkunjufu.

Huyo Umm Kulthum aliyemkatalia mwalimu wake, ndiye aliyempa nafasi Baligh Hamdi mwaka 1960, kijana ambaye hajatimiza miaka 30, akaimba wimbo wake. Naitaja habari hiyo kwa ufupi, nipate kuwafikisha mwaka 1964.

Kwa miaka zaidi ya 30 Misri ilikuwa na vilele viwili katika muziki, Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, na vilele hivyo havikuwahi kukutana katika wimbo mmoja. Abdel Wahab alikuwa mwimbaji, mwigizaji wa filamu na mtiaji sauti, tena mtu wa tashwishi kubwa: aliogopa kusafiri kwa ndege, akakaa na utungo mmoja muda mrefu kabla ya kuridhika nao, na alipenda kila kitu katika studio kiwe kama alivyokipanga, kwa kuwa studioni mtu aweza kurudia na kurekebisha mpaka nafsi itulie. Jaalieni basi watu wawili wa namna hiyo, kila mmoja amezoea kuwa neno la mwisho ni lake, wanaambiwa washirikiane. Na yasemwa kwamba Rais Gamal Abdel Nasser mwenyewe aliwahimiza.

Wimbo ulioitwa Inta Omri, yaani wewe ndiwe umri wangu, ulitungwa na Ahmad Shafiq Kamil, Abdel Wahab akautia sauti katika makamu ya Kurdi, ukaimbwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari mwaka 1964. Ndani yake Abdel Wahab alitia gitaa la umeme, ala ambayo haijapata kukaa katika safu ya Umm Kulthum, na inasimuliwa kwamba Bibi alisitasita juu ya jambo hilo. Tena aliuwekea wimbo huo mwanzo mrefu wa ala tupu, dakika nyingi kabla ya neno la kwanza, mwanzo ambao ni kama utungo mzima unaojitegemea. Lilikuwa ni ombi zito kwa mwimbaji yeyote, seuze kwake yeye: keti, unyamaze, watu walionunua tikiti kwa ajili ya sauti yako wasikie kwanza ya kwangu.

Akakubali. Wala tusimsahau Abdel Wahab kwa upande wake, maana aliyoyatoa yeye si haba. Mtu yule wa studio, mwenye kurekebisha na kurudia, aliukabidhi utungo wake kwa mwimbaji ambaye akikwisha kusimama mbele ya hadhira hakuna awezaye kujua atarudia mstari upi, mara ngapi, na kwa sura gani. Bibi alimwachia mwanzo; naye akamwachia Bibi yote yaliyofuata. Kila mmoja alimpa mwenziwe mahali pale hasa alipozoea kushika kwa nguvu, na katika safu ya nyuma mzee El Qasabgi alikuwa bado ni mmoja wa wapigaji wa Bibi, udi wake mapajani.

Nilikuwa karibu nisahau kuwamalizia habari za kijana wangu wa fidla. Siku chache kabla ya harusi nilimwambia, "Mahali pale ni pako," nikarudi kwenye udi wangu. Usiku wa harusi alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akatoka katika Bayati akaingia Hijazi ambayo nisingeichagua, na mpaka leo naona aliikalia sauti moja ya juu kupita kiasi. Sikuipenda yote, na nasema hivyo kwa kusudi, maana mwenye kudhani kwamba akiachia atapata kile kile alichokitaka, ila kwa njia nyepesi zaidi, bado hajaachia. Lakini wanawake wa safu ya nyuma walisimama wakaja kutunza kabla ubeti wa tatu haujaanza, wengine wakimwekea kijana noti juu ya fidla yenyewe, na mwimbaji wetu alipouchukua ubeti ule aliuchukua kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake katika mazoezi yetu yote, kwa kuwa Hijazi ile ilikuwa imemfungulia mlango mwingine. Nilimtazama mzee wa dumbaki. Hakunitazama, alikuwa kazini.

Fundi wa mitambo ananionyesha kwa mkono kwamba santuri iko tayari, na saa yangu imekwisha. Tutausikia Inta Omri. Ninawaomba jambo moja tu, kwamba msizungumze katika dakika za mwanzo mkingojea sauti ianze, kama tulivyozoea kufanya. Zisikilizeni fidla zinavyoingia, lisikilizeni lile gitaa, na mnaposikiliza mwoneni Bibi akilini mwenu: taa zote zimewashwa, ukumbi umejaa, yeye ameketi kitini nyuma kidogo ya kipaza sauti, leso mkononi, naye anasikiliza.